Farmasi Wakati wa Epidemi: Kila Mgonjwa Apate Dawa Yake



Somo letu la leo linaangalia mahali ambapo sisi wote tunapita: dirisha la farmasi. Wengi wanafikiri kwamba wakati wa epidemi kazi yote ni ya munganga na hospitali. Sivyo. Watu wanaoonwa na munganga kwa siku moja ni wachache. Wanaopita mbele ya dirisha la dawa ni wengi. Hapo dawa inaweza kugawanywa vizuri, ama inaweza kuisha kwa siku tatu. Hapo ugonjwa unaweza kuzuiwa, ama unaweza kupita toka mtu hadi mtu katika mstari mrefu.

Neno kubwa la somo hili ni moja. Wakati wa epidemi, kazi ya kwanza ya farmasi si kukimbilia dawa ya ugonjwa mpya. Kazi ya kwanza ni kulinda dawa ya mgonjwa wa zamani. Mtu wa kifafa akikosa kinini zake anaweza kuanguka juu ya moto. Mtu wa tansyo akikosa dawa anaweza kupooza upande mmoja. Mtu wa kifua kikuu akikata dawa katikati, ugonjwa unarudi na nguvu, na pengine dawa ya kwanza haimponyi tena. Watu hawa wanaweza kufa wakati wa epidemi bila kuguswa na epidemi yenyewe.

1. MAMBO YALIYOONEKANA MWAKA 2020

Tuchukue mfano wa COVID-19. Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza katika Kongo tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 2020, kule Kinshasa. Kwetu Haut-Katanga, tarehe 23 na 24 za mwezi ule, jimbo lilifungwa kwa saa 48, kwa sababu watu wawili waliofika kwa ndege kutoka Kinshasa walishukiwa kuwa na ugonjwa. Tarehe 24 hiyo, Raisi wa Jamhuri alitangaza hali ya hatari katika nchi nzima.

Tatizo la kwanza lilikuwa njia ya dawa. Dawa nyingi tunazomeza zinatengenezwa mbali, hasa India na Uchina. Tarehe 3 mwezi wa 3 mwaka 2020 India ilizuia kwa muda kuuza inje dawa na malighafi za namna 26, na parasetamoli ilikuwa kati yao. Mwisho wa mwezi ule Afrika ya Kusini ilifunga kazi nyingi. Tarehe 11 mwezi wa 5 Zambia ilifunga mpaka wake wa Nakonde, upande wa Tanzania. Sasa tufikiri: mizigo mingi ya Katanga inapita kwa barabara, toka bandari za Dar es Salaam na Durban, ikivuka Zambia mpaka Kasumbalesa. Mlango mmoja ukifungwa kule mbali, sanduku la dawa linachelewa kufika kwetu.

Tatizo la pili lilikuwa mbio za watu. Habari ilienea kwamba klorokini inaponya COVID-19. Wazee wetu wanaijua klorokini na uchungu wake. Ndiyo ilikuwa dawa ya malaria mpaka mwaka 2001, wakati nchi yetu ilipoiacha kwa sababu malaria ilikuwa imeizoea. Mwaka 2020 watu waliikimbilia tena, hapa Afrika na pengine. Kule Lagos, katika Nigeria, wengine walipelekwa hospitali kwa sumu yake. Lakini waganga walipopima vizuri, waliona kwamba haisaidii: tarehe 5 mwezi wa 6 mwaka 2020, wachunguzi wa Uingereza walitangaza kwamba hidroksiklorokini, ndugu ya klorokini, haikupunguza vifo vya wagonjwa waliolazwa.

Tatizo la tatu lilikuwa woga. Watu wenye homa walibaki nyumbani, wakiogopa kuambukizwa hospitalini ama kushukiwa. Lakini homa katika nchi yetu mara nyingi ni malaria, na malaria ya mtoto haingoji. Mwaka 2021 Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilihesabu kwamba mwaka 2020 malaria iliua watu 69.000 zaidi kuliko mwaka wa mbele, na karibu 47.000 kati yao walikufa kwa sababu kazi ya kupima, kuzuia na kutunza ilivurugika. Kwa kuhesabu wagonjwa wa malaria, Kongo ni nchi ya pili ulimwenguni baada ya Nigeria. Kwa hiyo somo hili linatuhusu sana.

OMS ilitangaza mwisho wa hatari kubwa ya COVID-19 tarehe 5 mwezi wa 5 mwaka 2023. Lakini kolera inarudi mara na mara katika Katanga, na mwaka 2024 ndui ya nyani (mpox) ilitangazwa hatari ya ulimwengu. Farmasi yenye kujifunza leo itakuwa tayari kesho.

2. KUHESABU DAWA KWA AKILI, SI KWA WOGA

Wahenga wanasema: akiba haiozi. Lakini dawa inaoza. Kila sanduku lina tarehe yake ya mwisho. Kwa hiyo kuweka dawa nyingi kupita kiasi ni hasara, na kuweka kidogo ni hatari. Ni lazima kuhesabu.

Hesabu inataka mambo matatu:

a) Matumizi ya mwezi mmoja. Yanaonekana katika fishi ya stoki, pale inapoandikwa kila kinini inayoingia na inayotoka.

b) Muda wa safari, ndiyo miezi inayopita toka siku ya kuagiza mpaka siku dawa inafika.

c) Akiba ya usalama, ndiyo miezi inayoongezwa kwa ajili ya mambo yasiyotazamiwa.

Tuseme farmasi ya kambi inatoa kinini 12.000 za parasetamoli kwa mwezi. Safari inachukua miezi 2, akiba ni mwezi 1. Miezi 3 mara 12.000 ni kinini 36.000. Basi stoki ikishuka mpaka 36.000, ni siku ya kuagiza, hata kama rafu inaonekana imejaa. Epidemi ikifika na mipaka ikifungwa, safari inaweza kuwa ya miezi 4. Sasa hesabu ni miezi 5 mara 12.000, ndiyo 60.000. Mwenye kungoja mpaka 36.000 kama zamani atabaki na rafu tupu mwezi mmoja mbele ya lori kufika.

Kuna mitego miwili katika hesabu hii.

Mtego wa kwanza ni siku za rafu tupu. Tuseme mwezi uliopita farmasi ilitoa kinini 8.000 tu. Mwenye haraka anasema: matumizi yamepungua. Lakini fishi inaonyesha kwamba dawa ilikosekana siku 10. Kwa hiyo 8.000 zilitoka kwa siku 20, ndiyo 400 kwa siku moja. Na kwa siku 30 ni 12.000. Matumizi hayakupungua, watu walirudi mikono mitupu.

Mtego wa pili ni siku za mbio. Juma moja la woga linaweza kutoa dawa ya miezi miwili. Si kwa sababu wagonjwa wameongezeka. Ni kwa sababu watu wameweka kinini chini ya kitanda. Ukiagiza kwa kufuata juma lile, utajaza depo na dawa zitakazooza. Siku za mbio ziandikwe katika fishi kwa alama yao, zisichanganywe na matumizi ya kweli.

Katika rafu, dawa yenye tarehe ya karibu inawekwa mbele nayo inatoka kwanza, hata kama ilifika nyuma ya nyingine.

3. DAWA GANI ZILINDWE KWANZA?

Wakati pesa na nafasi ni kidogo, farmasi inapanga dawa zake katika mafungu.

Fungu la kwanza ni dawa ambazo mtu akizikosa anakufa ama anaharibika kwa siku chache: insulini ya ugonjwa wa sukari, dawa za kifafa, za pumu, za tansyo na za moyo, za kifua kikuu, za virusi vya SIDA, za malaria kali, na zile za mama mwenye kuzaa. Hapa tuseme wazi kwa wafanyakazi wa mgodi: mtu aliyepumua vumbi la mawe miaka mingi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwingine, na dawa zake za kawaida ni za miezi 6 bila kukata. Farmasi ya mgodi isikose kamwe dawa hizi.

Fungu la pili ni vitu vya kupambana na epidemi yenyewe: sabuni, maske, glavu, vipimo, oksijeni, seromu, na chumvi ya maji ya kunywa kwa wenye kuhara. Kwa COVID-19, dawa moja ya zamani na ya bei ndogo ilionekana ya maana: deksametazoni. Tarehe 16 mwezi wa 6 mwaka 2020, wachunguzi walewale wa Uingereza walitangaza kwamba ilipunguza vifo kwa wagonjwa waliohitaji oksijeni. Kwa mgonjwa asiyehitaji oksijeni haikusaidia. Kwa hiyo si dawa ya kununua kwa dirisha na kumeza nyumbani. Kazi yake ni hospitalini.

Fungu la tatu ni dawa zinazoweza kungoja: vitamini, siropu za kikohozi chepesi, pomada za kupaka. Hizi zikipungua, hakuna anayekufa.

Vipimo vya malaria vinatembea na fungu la kwanza. Epidemi yoyote ya homa inapokuja, hatuwezi kujua kwa macho kama mtoto ana ugonjwa mpya ama malaria. Tone la damu linajibu kwa dakika 15 au 20.

4. KUGAWANYA BILA UPENDELEO

Sheria ya kwanza: kila mtu anapata kiasi cha ugonjwa wake, si kiasi cha mfuko wake. Farmasi iandike mlangoni, kwa herufi kubwa, kiasi cha mwisho kwa jamaa moja, kwa mfano boksi moja la parasetamoli. Mkubwa wa kazi na mfagiaji wanafuata karatasi ileile.

Sheria ya pili ni kinyume chake, na watu wengi hawaielewi: mgonjwa wa siku zote apewe zaidi, si kidogo. Mtu wa tansyo ambaye hali yake imetulia, akipewa dawa ya miezi 3 mara moja, anakuja mara 4 kwa mwaka pahali pa mara 12. Mstari unapunguka, naye anakutana na wenye kukohoa mara chache. Hili si jambo geni kwetu. Tangu mwaka 2010, kule Kinshasa, watu wenye virusi vya SIDA wanachukua dawa ya miezi 3 katika vituo vidogo vya kartie vinavyoitwa PODI, bila kupanga mstari hospitalini. Wakati wa epidemi, mfano huo unaweza kufuatwa kwa magonjwa mengine. Lakini mgonjwa mpya, ama yule ambaye tansyo yake haijatulia, aendelee kuonwa na munganga kila mwezi.

Insulini ina njia yake. Chupa isiyofunguliwa inataka baridi ya digrii 2 mpaka 8, bila kuganda. Asiye na frigo asipewe chupa za miezi 3. Farmasi imtunzie, naye achukue moja moja. Chupa iliyofunguliwa inaweza kukaa karibu wiki 4 mahali pa baridi na kivuli, mbali na mbabula na jua.

Tufikiri pia juu ya wenye kufungiwa kazini. Mwaka 2020, katika migodi kadhaa ya Lualaba na Haut-Katanga, wafanyakazi walibaki mahali pa kazi majuma mengi bila kurudi nyumbani. Mtu anayeitwa kukaa ndani ya mgodi anaweza kuacha dawa yake chini ya mto wake nyumbani. Kwa hiyo dispanseri ya mgodi iwe na orodha ya wagonjwa wa siku zote, ikifungwa kwa siri, na dawa zao za mwezi zifike mahali pa kazi siku ileile milango inapofungwa. Na mama aliyebaki kambini asikataliwe dawa ya watoto kwa sababu karte iko mfukoni mwa bwana.

5. DIRISHA LISIWE MLANGO WA UGONJWA

Ugonjwa wa pumzi unapenda chumba kidogo chenye watu wengi na hewa nzito. Basi farmasi ifanye hivi:

– Dawa itolewe kwa dirisha la inje, chini ya paa la kivuli. Ikiwa ni lazima watu waingie, milango na madirisha vibaki wazi, na watu watatu au wane tu ndani.

– Alama zipakwe chini kwa rangi, mtu na mtu wakiachana hatua kubwa moja au zaidi. Mita 1 ni kipimo cha chini kabisa.

– Ndoo ya maji yenye robine na sabuni iwe mbele ya mstari, si nyuma yake.

– Mwenye homa au kikohozi asipange pamoja na wengine. Awe na benchi lake pembeni, apewe maske, na mfanyakazi amfuate pale. Asifukuzwe wala asipigiwe kelele, maana mtu aliyeaibishwa leo kesho atajificha na ugonjwa wake.

– Kinini zisihesabiwe kwa mkono mtupu. Zihesabiwe kwa kijiko na sahani safi, zitiwe katika mfuko wenye kuandikwa jina la dawa, kiasi na saa za kumeza.

– Wazee na wenye ugonjwa wa siku zote wawe na saa zao, kwa mfano asubuhi mapema. Asiyeweza kutembea apelekewe dawa nyumbani na mtu anayejulikana wa afya, kwa kuandikisha.

Katika kolera mpango unabadilika: hapo adui ni maji na mikono, wala si pumzi. Ndoo na sabuni zinabaki zilezile, lakini chumvi ya maji ya kunywa itolewe mara moja, bila mstari. Mwenye kuhara kama maji ya mchele asingoje hata nusu saa.

6. MASKE NA ALKOLI

Maske za vumbi. Wakati wa epidemi watu wanazitamani maske nzito za mgodi. Lakini maske hizo zimewekwa kwa ajili ya mtu anayetumika kwenye mashine ya kuponda mawe na kwenye kutoboa. Zikiondoka kwa mlango wa nyuma, vumbi litaingia katika mapafu yake, na vumbi la mawe likisha kuharibu mapafu hakuna dawa ya kuyarudisha. Magazini iweke stoki mbili mbalimbali, kila moja na fishi yake: moja ya vumbi, nyingine ya farmasi. Tena tujue: maske yenye valve inapitisha hewa unayotoa bila kuichuja. Inamlinda mwenye kuivaa, haimlindi jirani.

Alkoli ya mikono. Inapokosekana sokoni, farmasi kubwa inaweza kuitengeneza kwa kufuata OMS. Kwa lita 10: etanoli ya asilimia 96, mililita 8.333; maji ya oksijeni ya asilimia 3, mililita 417; gliserini ya asilimia 98, mililita 145; halafu maji yaliyochemshwa na kupoa, mpaka lita 10. Inafungwa na kuwekwa saa 72 mbele ya kutumiwa. Hii ni kazi ya mtu wa farmasi aliyefundishwa, wala si ya jikoni. Alkoli hii inawaka moto: usiishike karibu na mbabula, na mikono ikauke mbele ya kuwasha kiberiti. Lutuku haiwezi kuchukua nafasi yake, kwa sababu alkoli isiyofika asilimia 60 haisafishi mikono sawasawa. Na alkoli ya kiwandani inayoitwa metanoli ni sumu. Kule Iran, mwaka 2020, mamia ya watu waliikunywa wakifikiri inafukuza ugonjwa, wakafa. Nyumbani, sabuni na maji vinatosha.

Usichanganye kamwe javel na asidi wala na sabuni nyingine za kusafisha. Gesi inayotoka humo inachoma mapafu; watu wa mgodi wanajua maana ya gesi.

7. DAWA ZA UONGO

Penye njaa ya dawa, wezi wanakuja. Mwezi wa 4 mwaka 2020 OMS ilitangaza kwamba klorokini za uongo zilipatikana katika Kamerun, Niger na hapa Kongo. Nyingine zilikuwa na dawa kidogo, nyingine hazikuwa na dawa hata chembe.

Farmasi inunue kwa wauzaji wakubwa wenye ruhusa, na kwa kituo cha kugawanya dawa cha jimbo, kama CAMELU hapa Lubumbashi. Isinunue kwa mtu wa valizi, hata akiwa na bei nzuri. Nawe mnunuzi, angalia: je, jina limeandikwa bila makosa? Namba ya loti na tarehe kwenye boksi zinalingana na zile za ndani? Kinini zinavunjika kama chaki, ama zina rangi isiyo ya kawaida? Ukiona shaka, usimeze na usitupe. Rudisha kwa farmasi pamoja na boksi, ili viongozi wa afya na ACOREP wajulishwe.

8. KAZI YA JAMAA NYUMBANI

Farmasi haiwezi kushinda peke yake. Kila jamaa ifanye haya:

– Tuma mtu mmoja tu kwa dawa, asiye mgonjwa, pamoja na karte na karatasi ya munganga.
– Kwa dawa ya siku zote, nenda ukiwa bado na kinini za siku 7, usingoje ya mwisho.
– Usimpe jirani dawa ya tansyo, ya sukari au ya kifafa. Unaweza kumwua, nawe utabaki bila dawa.
– Usiweke antibiotiki kwa siku ya mbeleni. Antibiotiki haiui virusi.
– Mtoto akiwa na homa, apimwe malaria siku ileile, hata wakati wa epidemi.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA NYUMBANI

1. Kwa sababu gani mgonjwa wa tansyo anapewa dawa ya miezi 3, na mwenye kichwa kuuma boksi moja tu?

2. Farmasi ilitoa kinini 900 za tansyo kwa mwezi wa siku 30, lakini siku 12 rafu ilikuwa tupu. Matumizi ya kweli ya mwezi ni kiasi gani?

3. Nani anaumia kama maske za vumbi zinauzwa inje ya mgodi?

4. Katika nyumba yetu, nani anameza dawa kila siku, na zimebaki za siku ngapi?

Jibu la swali la 2: siku 18 zilitoa 900, ndiyo 50 kwa siku moja. Kwa siku 30 ni kinini 1.500. Farmasi ikiagiza 900 tu, wagonjwa wa kinini 600 watarudi bure.

Swali la 4 kila jamaa ilijibu yenyewe, leo, mbele ya kulala.